Mkanda wa skuta kubwa kwenye vumbi la Dodoma: ununue upi, na nani afungue kava

Skuta yangu ni Suzuki Skywave ya sisi 400 (cc, ukubwa wa injini), imetumika Japani kabla ya kuletwa huku. Skywave ni jina lake la Japani. Kwingine skuta hiyohiyo inaitwa Burgman, na ukiulizia spea kwa jina moja tu utaambiwa haipo wakati iko rafu ya juu.

Mkanda wake ulinikatikia barabara ya Morogoro, nimeshaipita Kibaigwa narudi mjini. Injini ilikuwa hai, nikikaza mkono inanguruma, lakini tairi la nyuma halina habari. Nikaisukuma hadi chini ya mbuyu, nikabahatika kupata kirikuu iliyokuwa inarudi tupu. Kava lilipofunguliwa zilitoka nyuzi zilizosokotana na vipande vya mpira, na fundi alichukua muda mrefu kuzikwanyua kwenye klachi. Mkanda ule niliufunga ukiwa mpya kilomita 7,000 hivi kabla ya hapo. Haukuwa na jina la kiwanda, ulikuwa na namba tu.

Tangu siku hiyo nimefungua lile kava mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, langu na la wenzangu. Wengi wanaoniuliza ni watumishi wanaotoka Kisasa, Ipagala au Nkuhungu kwenda Mji wa Serikali Mtumba na kurudi kila siku. Maswali yao yanafanana: nibadilishe lini, ninunue mkanda upi, niweke rola au slaida, nimpe fundi au nijifungulie mwenyewe. Nayalinganisha hapa kwa jinsi yanavyotokea kwenye hali ya hewa yetu, maana ushauri mwingi unaosomwa umeandikwa na watu wa nchi za mvua na lami.

Kinachofanyika ndani ya kava

Skuta ya mkanda haina gia za kukanyaga. Kuna puli mbili, ya mbele iko kwenye krenki, yaani shafti inayozungushwa na injini, na ya nyuma imeshikana na klachi, na kati yake mkanda wenye umbo la V. Kila puli ni sahani mbili zinazotazamana, moja imetulia na nyingine inasogea. Kwenye puli ya mbele, ile mafundi wanayoiita variata, kuna rola, vipande vidogo vizito vya mviringo. Injini ikiongeza mzunguko, rola zinatupwa kuelekea nje, zinaisukuma sahani, na mkanda unapanda kwenda ukingoni. Nyuma inakuwa kinyume: mkanda unavutwa kuzama katikati huku springi ikiukandamiza usiteleze. Kwa njia hiyo skuta inapata gia nzito na nyepesi bila wewe kugusa chochote.

Kwa hiyo nguvu yote ya injini inapita kwenye ubavu wa mpira unaobanwa kati ya sahani kavu. Cheni ya bodaboda unaipaka oili ikatulia. Mkanda ukiguswa na oili au grisi unateleza, na ukiteleza unaungua. Kuna na jambo la pili, nalo ndilo linalotuumiza Dodoma. Sahani ya mbele ina mapezi kama ya feni, yanavuta hewa ya nje ili kupooza mkanda. Hewa hiyo inapita kwenye sponji ndogo iliyo kwenye kava. Kuanzia Juni mvua inapokuwa imekwisha kabisa mpaka zinyeshe tena Desemba, hewa inayovutwa hapo imebeba vumbi. Sponji ikijaa, hewa haipiti, joto linapanda, mpira unakauka na kupasuka. Sponji ikichanika, vumbi linaingia moja kwa moja na kufanya kazi ya msasa kati ya mkanda na puli. Njia zote mbili zinaua mkanda kabla ya siku zake.

Kungoja kilomita za kitabu, au kupima

Vitabu vya skuta nyingi za sisi 250 hadi 600 vinataja kubadilisha mkanda kwenye kilomita 20,000 hadi 24,000. Ni namba nzuri, na anayepita lami tupu, mjini hadi Mtumba, anaweza kuifikia. Anayekaa Ntyuka au pembeni ya Nkuhungu, anayekula vumbi asubuhi na jioni, asiitegemee.

Kuna na tatizo la skuta zilizotumika. Dashibodi inaweza kusema kilomita 18,000, lakini mkanda ulio ndani hujui ulifungwa lini. Umri nao unahesabika, maana mpira uliokaa miaka kumi umegumuka hata kama haukusafiri. Ukinunua skuta iliyotoka nje, mkanda wake uhesabu umeisha mpaka uuone kwa macho.

Mimi nachagua kupima, na kupima hakuna gharama. Njia ya kwanza haihitaji kufungua kitu. Siku ulipofunga mkanda mpya, nenda kwenye barabara iliyonyooka na tambarare, kama ile ya Singida ukishaumaliza mji, tembea kilomita 80 kwa saa bila upepo mkali, utazame mshale wa mzunguko wa injini. Iandike ile namba. Kila baada ya miezi michache rudia hapohapo kwa mwendo uleule. Mkanda unapolika unakuwa mwembamba, haufiki tena ukingoni mwa puli ya mbele, kwa hiyo injini italazimika kuzunguka zaidi kukupa kilomita zilezile 80. Mshale ukianza kupanda, mkanda unakuaga.

Njia ya pili ni kuutoa na kuupima upana wake wa juu kwa kalipa, kile kipimo cha milimita chenye taya, sehemu tatu au nne tofauti. Kikomo kimeandikwa kwenye kitabu cha matengenezo cha skuta yako, na tofauti kati ya mpya na wa kutupa ni ndogo sana, mara nyingi milimita moja au mbili. Jicho halitaiona. Jicho ni la kutafuta nyufa kwenye mizizi ya meno, nyuzi zilizochomoza ubavuni, na mng'ao. Ubavu unaong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi umeungua kwa kuteleza.

Kwa Dodoma naona kava lifunguliwe kila kilomita 4,000 kwa anayepita vumbi, 6,000 kwa wa lami. Ukifika huko unapuliza vumbi, unaosha sponji kwa maji na sabuni, unaikausha kabisa kabla ya kuirudisha. Kazi hiyo peke yake imeniongezea maisha ya mkanda kuliko kitu kingine chochote nilichonunua. Na tafadhali, ukipeleka skuta kuoshwa kwa mashine ya presha, mwambie kijana asielekeze maji kwenye tundu la hewa la kava.

Mkanda wa kiwanda cha skuta, wa kiwanda cha mikanda, na usio na jina

Hapa ndipo pesa inapotoka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mkanda wa kwanza ni ule unaouzwa kwenye kasha la Suzuki, Yamaha au Honda, wenye namba ya spea. Faida yake kubwa ni kwamba vipimo havina maswali: urefu, upana, pembe ya ubavu, vyote ni vile ambavyo puli zako zilitengenezewa. Ubaya wake ni bei na kungoja. Dodoma huukuti dukani kila siku. Unaagizwa Dar, mara nyingi unatafutwa Kariakoo upande wa Gerezani, unapakiwa kwenye basi unaupokea jioni, na wakati mwingine unasubiri uje kutoka nje ya nchi.

Wa pili umetengenezwa na kiwanda cha mikanda kinachojulikana na kuuzwa kwa jina lake. Bando na Mitsuboshi ni vya Kobe, Japani, na kazi yao ni mikanda. Gates ni wa Marekani. Malossi wa Italia wao wanalenga zaidi wapenda mwendo. Mikanda ya aina hii kwa kawaida ni nafuu kuliko ya kasha la kampuni ya skuta, na ndani yake zipo nyuzi za maana, nyingine za aramidi, jamii ya uzi unaofumiwa fulana za kuzuia risasi. Kinachotakiwa ni kulinganisha namba. Usikubali "hii inaingia tu". Skywave ya 400 ilibadilishwa muundo kwa toleo la 2007, na mtu aliyekutajia mkanda wa "Burgman 400" bila kuuliza mwaka hajui anachokuuzia. Mpe namba ya chesisi, si jina la skuta tu.

Wa tatu ni ule wangu wa Kibaigwa. Bei yake inavutia, mimi nililipa karibu theluthi ya bei ya orijino. Ukiupinda kwa mkono unajisikia sawa na wenzake, na huo ndio mtego wake. Ubora wa mkanda umo kwenye nyuzi usizoziona na kwenye mpira kustahimili joto, na vyote viwili vinajulikana barabarani tu. Kwenye skuta ndogo ya sisi 110, inayozunguka Area C na Majengo, mkanda wa namna hiyo unaweza kukusogeza. Skuta ya sisi 400 yenye watu wawili na mzigo, ikipanda kilima jua la Oktoba, inaudai mambo ambayo hauna. Ukikatika kwenye mwendo, mara nyingi unapoteza mvuto tu. Lakini nyuzi zinaweza kujiviringisha kwenye klachi au krenki, zikaharibu sili, na katika hali mbaya tairi la nyuma likaganda. Kwenye barabara yenye malori ya kwenda Rwanda na Burundi hilo si jambo la kulipima kwa shilingi.

Nikipewa nichague leo, nafunga wa kiwanda cha mikanda wenye namba iliyothibitishwa. Bei ya orijino nailipa kwenye skuta ambazo kitabu chake kina vipimo vya peke yake au ambazo sijapata namba mbadala inayoaminika. Wa tatu siufungi, hata wa kufikia nyumbani.

Kuna feki za majina makubwa pia, kwa hiyo jina kwenye mkanda halitoshi. Angalia maandishi kama yamekaa sawasawa na hayafutiki kwa kidole, angalia meno kama yamekatwa kwa usawa mzunguko mzima, kisha chukua kalipa upime upana kabla hujalipa. Mkanda mpya ukiwa na upana chini ya uliotajwa kwenye kitabu, urudishe hapohapo. Muuzaji mwaminifu hatakasirika kuona kalipa.

Rola za kawaida au slaida

Hili linaulizwa sana na halistahili muda mrefu. Rola za kawaida ni mviringo. Zikilika zinapata ubapa upande mmoja, na skuta inaanza kusitasita au kuruka mzunguko unapoongeza mwendo. Slaida, zile za Dr. Pulley za Taiwan ndizo maarufu, hazibiringiki, zinateleza kwa upande wake bapa na kuisukuma sahani mbali kidogo zaidi. Zikiwa na uzito sahihi, mzunguko wa injini unashuka kidogo kwenye safari ndefu. Lakini zina upande wa kuingilia. Zikigeuzwa zinakwama, na nimeona variata iliyochimbika kwa kosa hilo.

Uzito ndio unaobadilisha tabia: nyepesi, injini inazunguka zaidi na skuta inaondoka haraka, nzito, inatulia lakini inakuwa mvivu kwenye mlima. Kwa safari za Mtumba na Chuo Kikuu weka rola za kawaida za uzito wa kiwandani, ubadilishe pamoja na vile viplastiki vya kuongozea sahani. Slaida zimngoje mtu anayekwenda Singida au Iringa kila wiki.

Kujifungulia mwenyewe au kumpelekea fundi

Nilikuwa naamini kazi hii ni ya fundi peke yake. Kisha skuta ya jirani yangu ikafungwa mkanda mpya kwenye gereji moja, na siku ya tatu ikaanza kugonga. Nati ya mbele ilikuwa imelegea, na meno ya krenki yamelika. Krenki ni kufungua injini nzima.

Kosa lililofanyika linafahamika, na ukilijua hutalisahau. Unaporudisha puli ya mbele, mkanda unatakiwa uwe umelegea upande huo. Ukiwa umekaza, unaingia kati ya sahani na bushi, kile kipande cha bomba kilicho katikati ya puli. Unakaza nati, spana inakwambia imefika, kumbe imebana mpira. Unawasha, mkanda unapanda na kutoka mahali pale, na sasa nati haijabana kitu. Dawa yake ni kuanzia nyuma: tanua sahani za puli ya nyuma, uzamishe mkanda katikati yake mpaka ulegee mbele, ufunge kwa kamba ndogo usirudi, ndipo ufunge puli ya mbele. Kisha zungusha kwa mkono uone sahani imekaa bapa kwenye bushi kabla ya kukaza.

Fundi mmoja mzee wa Chang'ombe ndiye aliyenionyesha. Nilifika nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu, mbukwa," salamu ya Kigogo, akaipokea skuta bila kuuliza mengi. Alinikalisha kwenye ndoo ili nitazame. Kabla hajakaza alinivuta mkono nikaugusa mkanda. "Ukiona umekaza hapa, usikaze nati. Rudi nyuma." Yeye ana spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia, na ana chuma alichochonga mwenyewe cha kushikilia puli isizunguke. Wengine huchomeka bisibisi kwenye mapezi ya feni, na pezi likivunjika puli inakosa usawa na kuanza kutetema.

Kwa hiyo kwangu swali halikuwa mimi au fundi, ni kazi ipi ya nani. Kufungua kava, kupuliza vumbi, kuosha sponji, kutazama mkanda na kusoma mshale wa mzunguko, hivyo fanya mwenyewe nyumbani Jumamosi asubuhi. Unahitaji seti ya soketi, brashi, kitambaa kisichotoa nyuzi na dawa ya kupuliza ya kusafishia breki. Petroli iache, inabakiza mafuta kwenye sahani. Vaa barakoa, vumbi la klachi si la kuvuta puani. Mashine ya kukazia nati za matairi nayo iache palepale kwa watu wa matairi.

Kutoa nati ya mbele na klachi mpe mwenye spana ya toki, ukae naye. Muulize maswali mawili kabla hujampa funguo: atashikiliaje puli, na nati atakaza kwa kipimo gani. Akikujibu "kwa uzoefu", mshukuru uondoke. Ukishanunua toki yako na kishikio cha puli, na umetazama mara mbili, hakuna kinachokuzuia kuifanya mwenyewe. Mimi nilifika hapo baada ya mwaka mmoja hivi. Mkanda una mshale wa upande wa kuzungukia, ufuate. Grisi inaingia pale tu kitabu kinaposema, kwa kawaida kwenye pini za puli ya nyuma, na sahani zinapanguswa hadi zikauke kabisa.

Skuta moja inatoka nje ya yote haya. Burgman ya 650 haina rola. Mkanda wake si mpira mtupu, ni vipande vigumu vilivyopangwa kwenye ukanda, na puli zinasogezwa na mota ya umeme inayoamriwa na kompyuta. Inadumu sana, lakini ikigoma hapa kwetu unatafuta mtu mwenye kifaa cha kusoma kompyuta na spea ya bei ya juu. Kama bado hujanunua na unajua utafanya matengenezo yako Dodoma, chukua ya 400.

Mkanda wangu wa zamani, ule nilioutoa ukiwa bado ndani ya kipimo, nimeupangusa vumbi nikaufunga kwenye mfuko mweusi. Unakaa chini ya siti pamoja na soketi tatu na kile kishikio cha puli, maana kati ya Kibaigwa na Dodoma sijui duka lenye saizi yake.